Dadu za Asubuhi

Anayekaa mezani kucheza Dungeons & Dragons husema kwanza anachotaka kufanya, kisha hurusha dadu. Anataka kuruka ukuta: arushe. Anataka kumlaghai mlinzi wa lango: arushe tena. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huo mwaka 1974 waliweka utaratibu ambao umeishi nusu karne, ukahamia kwenye kompyuta na kujificha nyuma ya picha. Siku hizi mhusika anafyatua risasi, hesabu inapigwa mahali usipopaona, nawe unaona tu kwamba imepata au imekosa. Nia hutangulia, bahati hufuata.

Citizen Sleeper, gemu ya bunilizi ya kisayansi iliyotoka Mei 2022, inaanzia upande wa pili. Unaamka, na dadu zimekwisha kurushwa. Zimejipanga kwenye skrini, tano kama mwili wako ni mzima, pungufu kama una hali mbaya. Leo una sita moja, nne moja, mbili mbili, na moja inayokukodolea jicho. Hizo ndizo nguvu zako mpaka utakapolala tena. Amua utazipeleka wapi.

Mgeni wa gemu za aina hii anaweza kulipita jambo hilo bila kulitia maanani, maana linaonekana dogo, kama mtu aliyeamua kuvaa kofia kabla ya shati. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wote. Nimeendelea kuicheza kwa sababu nilitaka kuona geuzo moja dogo la namna hiyo linaweza kubeba mzigo mkubwa kiasi gani, na kila nilipodhani limefika mwisho wa uwezo wake, likabeba kingine.

Fundi mwenyewe ni Gareth Damian Martin, mwandishi na mbunifu wa Uingereza anayetoa kazi zake kwa jina la Jump Over the Age. Mwaka 2020 alitoa In Other Waters, gemu tulivu ya bahari ya sayari ngeni, ambamo mchezaji haoni viumbe kwa macho bali husoma ramani na maelezo ya mtafiti. Tangu wakati huo ilionekana kwamba hapa kuna mtu anayeamini maneno. Kwa Citizen Sleeper akatafuta wenzake wenye mkono mwepesi: Guillaume Singelin, mchoraji wa katuni wa Ufaransa, akawachora wahusika, na Amos Roddy akatunga muziki. Maandishi na ubunifu ni vya Martin.

Hadithi yenyewe ni hii. Wewe ni Sleeper: akili ya binadamu iliyonakiliwa na kutiwa ndani ya mwili wa kutengenezwa, ili ifanye kazi ya kampuni iitwayo Essen-Arp. Kwa macho ya kampuni wewe ni mali. Umetoroka. Umefika kwenye Erlin's Eye, kituo cha anga chenye umbo la pete kilichojengwa na shirika la Solheim. Shirika likaanguka, kituo kikabaki mikononi mwa waliokuwamo na waliokuja baadaye, wafanyakazi, wakimbizi, wachuuzi na magenge. Muuza vyuma chakavu mmoja, Dragos, anakukuta ukiwa taabani. Anaweza kukurudisha kwa wenyewe. Anakupa kibarua.

Kampuni haikuhitaji minyororo kukufunga. Mwili wako uliundwa uharibike usipopata dawa ya kuutuliza, na dawa hiyo kampuni ndiyo iliyoishika. Kwa hiyo kila mzunguko unaopita (siku ya kituoni huitwa mzunguko) hali yako inashuka kidogo, na inaposhuka vya kutosha, dadu moja inatoweka. Jana ulikuwa na tano, leo nne. Usipopata dawa, keshokutwa tatu.

Hebu tulitazame hilo polepole. Gemu nyingi huonyesha afya kwa mstari mwekundu. Mstari ukibaki ukucha, mhusika wako bado anakimbia, anapiga, anaruka kama alivyoruka akiwa mzima; tofauti ni kwamba kofi moja litamwangusha. Ugonjwa wa namna hiyo hatuujui katika maisha. Ugonjwa tunaoujua ni ule unaopunguza siku: unaamka ukiwa na shughuli tano za kufanya na pumzi ya shughuli mbili. Martin hakuandika aya ya kutueleza kwamba Sleeper anadhoofika. Aliondoa dadu. Asiyejua chochote kuhusu gemu anaelewa papo hapo, kwa sababu jana alikuwa anajua ataitumia ile ya tano wapi.

Kisha kuna umasikini wenyewe. Pesa ya kituoni, cryo, inatoka kwa kazi, na kazi inakula dadu. Sita ni ya uhakika, itakwenda vizuri. Tatu au nne zinaweza kukuletea ujira mzuri, au ujira wa hivi hivi, au zikakuumiza. Moja na mbili ni za kuogopwa. Kazi nazo zina viwango vyake: nyingine ni salama, nyingine zina hatari, nyingine ni hatari tupu, na gemu inakuonyesha wazi kabla hujaweka dadu. Ustadi ulio nao unaongeza au kupunguza namba: mwenye mkono wa ufundi anaifanya nne yake kuwa tano mbele ya mashine iliyoharibika, na mwingine dhaifu katika ustadi huohuo anaiona nne yake ikiwa tatu.

Aliyekulia kwenye ludo anaijua nusu ya hisia hii. Namba imetoka, imetoka. Sasa ni kuamua kete ipi isogee. Nusu ya pili ludo haina, kwa sababu kete za ludo hazina njaa. Hapa sita yako ya pekee inaitwa na watu watatu. Ukiipeleka kwenye kazi yenye ujira, dawa itanunuliwa. Ukiipeleka kwa rafiki aliyekuomba msaada, rafiki atasaidika na wewe utalala njaa. Na kwa kuwa dadu ilikuwa mezani kabla hujachagua, huna bahati ya kuisingizia. Katika ile desturi ya zamani, ukishindwa kuruka ukuta unailaumu dadu. Huku ulikuwa unaiona moja ni moja, na bado ukaipeleka kwenye kazi ya hatari kwa sababu siku ilikuwa imebaki hiyo tu. Bahati imetolewa kwenye tendo na kupelekwa asubuhi. Tendo limebaki kuwa lako.

Baada ya hapo Martin anafanya jambo la pili, lile lililonifanya niache kipanya nikacheka peke yangu. Kituo kina sura mbili. Kuna sura ya vyuma, vichochoro na vibanda, na kuna sura ya data, wingu linalopita juu ya hivyo vyote, ambalo Sleeper anaweza kuliingia kwa akili yake. Ukiwa huko, dadu hazipimwi kwa ukubwa. Kila mlango unataka namba yake kamili. Mmoja unataka moja, mwingine mbili. Ile moja iliyokuwa inakukodolea jicho asubuhi, ambayo kiwandani ingekuvunja mgongo, ghafla ndiyo ufunguo uliokuwa unautafuta.

Fikiria hilo linafanya nini kwa mchezaji mgeni. Gemu yoyote yenye dadu ina tatizo la siku mbaya: namba ndogo tupu, na mchezaji anayekata tamaa kabla hajaanza. Suluhisho rahisi ni kumhurumia kwa siri, kuzichezea namba zisiwe mbaya mno. Martin hakuficha kitu. Alijenga mahali ambapo siku mbaya ina soko. Asubuhi yenye moja, moja na mbili ni asubuhi ya kudukua. Na kwa hadithi pia imekaa vizuri, kwa sababu mwili unapochoka, kinachobaki kwa Sleeper ni ile akili ya kunakiliwa, nayo ndiyo inayoingia wingu. Kanuni na mhusika wanasema jambo moja bila mmoja kumtafsiria mwenzake. Kuingia wingu si bure, hata hivyo. Ukijishughulisha huko sana, kuna kitu kinachoanza kukunusa.

Na kinakunusa kwa saa. Katika gemu hii saa ni duara lililokatwa vipande. Kila tendo fulani au kila mzunguko unajaza kipande, na duara likijaa jambo linatokea. Mbinu hiyo wacheza mezani wanaijua kutoka Blades in the Dark ya John Harper. Uzuri wa Martin ni jinsi alivyozisambaza. Kuna saa ya kazi unayoijaza mwenyewe kidogo kidogo, siku kwa siku. Kuna saa inayojijaza tu, hata ukilala, ya mtu aliyekodiwa kuwarudisha watoro akikaribia. Kuna saa ya rafiki aliyekuambia njoo baada ya mizunguko kadhaa. Zote zinaonekana. Hakuna kinachokurukia kutoka gizani. Unajua kabisa kwamba vimebaki vipande viwili, na unajua huna dadu za kutosha. Wasiwasi wa namna hiyo unadumu kuliko ule wa kushtuliwa.

Tena hakuna anayekukimbiza ukiwa unafikiri. Saa hizi hazisogei kwa sekunde. Unaweza kuacha skrini, ukanywe chai, ukarudi, dadu bado ziko palepale. Kwa mtu ambaye vidole vyake havikulelewa na vidude vya kubonyeza, hilo peke yake ni heshima kubwa.

Heshima hiyo inaonekana tangu mlangoni. Linganisha na Fallout ya mwaka 1997, ambayo ni kazi kubwa na siitukani: kabla hujapiga hatua moja inakuomba ugawanye pointi kwenye sifa saba za mwili na akili, kisha uchague stadi tatu za kuzikazia mkazo, na huenda na tabia za pekee juu yake. Mgeni anajibu maswali ya mtihani wa somo ambalo hajafundishwa. Citizen Sleeper inauliza swali moja: ulikuwa unafanya kazi gani kabla ya kutoroka? Majibu ni matatu. Mmoja ana mkono wa mashine, mmoja yuko karibu zaidi na data, mmoja ni wa kazi ngumu za kustahimili. Unachagua, unaingia. Stadi ziko tano tu, na zinakua kadiri unavyoyafuatilia mambo unayoyataka mpaka mwisho. Hakuna pointi za kuua mtu. Hakuna hata uwanja wa vita. Ukitaka kupigana na mtu, gemu haina kitufe cha hilo.

Ina watu. Lem ni kibarua kwenye karakana inayojenga meli kubwa ya kwenda kuanzisha makazi mapya mbali na hapo, na ana mtoto, Mina. Unakutana nao kazini. Siku moja Lem anahitaji mtu wa kukaa na Mina. Hilo ndilo tukio: kukaa na mtoto. Linagharimu dadu, dadu ambayo ingekuletea hela, na wewe hela huna. Gemu kubwa ingekutuma kuokoa sayari na usingesikia kitu, kwa sababu sayari hazigharimu chochote. Mina aligharimu nne yangu. Nilipomwona tena baadaye nilimjua kama anavyojulikana mtoto wa jirani, na sidhani picha ya Singelin ndiyo iliyofanya hivyo, ingawa ni picha nzuri. Ni ile nne.

Emphis anauza chakula. Unanunua, unakula, nguvu zinarudi kidogo, naye anaongea. Mara ya kwanza maneno machache tu, mara nyingine zaidi, na hadithi yake inafunguka kwa mwendo uleule wa njaa yako. Sijui mbunifu mwingine aliyeweka simulizi ndani ya sahani kwa ujanja huo. Mchezaji haendi kwa Emphis ili asikie hadithi. Anakwenda kula, hadithi inamkuta. Halafu kuna paka wa kupotea anayeweza kulishwa. Sina la kusema kuhusu paka ila kwamba nilimlisha siku ambazo busara ilisema nisimlishe.

Maandishi yenyewe ni mafupi. Picha moja ya mhusika, aya mbili au tatu, mara nyingine sentensi moja iliyoachwa peke yake. Hakuna sauti za waigizaji, na hiyo ni hasara iliyogeuzwa faida: msomaji anaenda kwa mwendo wake, na mwandishi hakulazimika kupunguza watu ili kulipia studio. Martin anapenda kuanza na mikono ya mtu, anachoshika, anachokarabati, kabla hajatupa sura au historia. Watu wa Erlin's Eye tunawajua kwanza kwa kazi zao. Anamzungumzia mchezaji moja kwa moja, wewe unaona, wewe unagusa, na kwa kuwa huyo wewe ana mwili wa kuazima, kila maelezo ya baridi ya chuma au uchovu wa kiungo yana ajabu yake. Anahisi, lakini anahisi kwa vifaa vilivyonunuliwa na mwingine. Lugha ni Kiingereza, na msomaji wetu atakutana na maneno ya kubuni hapa na pale, lakini sentensi hazina maringo. Anayesoma gazeti la Kiingereza bila shida atasoma na hii.

Ramani nayo inastahili neno. Hutembei na mhusika wako. Unaitazama pete ya kituo ikielea, unateleza juu yake, na mahali unapopajua panawaka. Mwanzoni ni sehemu chache: uwanja wa Dragos, kibanda cha chakula, vichochoro kadhaa. Vingine ni vyuma visivyo na jina. Polepole sehemu zinafunguka, mpaka unafika upande ulioachwa ambako mimea imejitawala na watu wamejifunza kuishi nayo. Uyoga unaopatikana huko ni chakula, ni biashara, na ni moja ya sababu maisha yanaanza kuwa nafuu.

Unafuu huo ndio kasoro ninayoiona katika gemu hii, na si mimi peke yangu niliyeiona. Kwenye nusu ya pili, ukishajua dawa inapatikana wapi na pesa inatoka wapi, dadu tano zinajaa kila asubuhi na saa zinaacha kuuma. Zile hesabu zilizokufanya ushike kichwa zinakuwa orodha ya kazi za kumaliza. Watetezi wake wanasema ndivyo inavyotakiwa, kwamba mtoro aliyepata chumba, marafiki na kipato lazima apumue, na kwamba mbunifu angekuwa mkatili kuendelea kumbana kwa ajili ya msisimko wetu. Nawakubalia nusu. Kupumua ni sawa. Lakini kanuni iliyokuwa inasema jambo kwa uzuri namna ile haikupewa jambo jipya la kusema katika shibe. Ilinyamaza tu, na maandishi yakabaki yanabeba kazi peke yake. Yanaweza, ila unasikia pengo.

Nyongeza tatu zilizotolewa bure baadaye, kati ya 2022 na 2023, zilirudisha presha kiasi, kwa kuleta meli za wakimbizi zilizokwama nje ya kituo na saa mpya za kuzihofia. Ni nzuri. Zimewekwa kwenye mwili wa Sleeper ambaye kwa wakati huo kwa kawaida ameshashiba, basi makali yake hayafiki yale ya siku za kwanza pale kwa Dragos.

Jibu la kweli Martin alilitoa Januari 2025, kwenye Citizen Sleeper 2: Starward Vector. Humo dadu zenyewe zinavunjika. Mambo yakienda vibaya msongo unapanda, na msongo unazitia dadu ufa mpaka nyingine inaacha kabisa kufanya kazi na kuhitaji kukarabatiwa. Mwili haupungui tena kwa ustaarabu, dadu moja moja kwa zamu. Unavunjika pale ulipoguswa. Naona ni kazi ngumu zaidi na kwa mgeni si mahali pa kuanzia, kwa kuwa mtu anahitaji kwanza kuwa amezoea kuzipenda dadu zake nzima ndipo ile inayovunjika imuume.

Na hapo ameongeza kitu ambacho bado nakizunguka. Kwenye mikataba ya hatari unakwenda na wenzako wawili wa melini, na kila mmoja anakuja na dadu zake mbili. Unazitumia wewe. Mkono wa asubuhi wa mtu mwingine umewekwa mbele yako, na ana msongo wake ambao ukijaa anaachia kazi katikati. Yako imebaki mbili na nyingine imekufa. Ya mwenzako ni tatu, kazi ni ya hatari, na saa imebakiza kipande kimoja.